Maji Yalipoa, Nikamlaumu Mkulima

Niliandika kwenye daftari la kazi kwamba kahawa ya kikundi kimoja cha Mbulu imechumwa mbichi. Haikuwa kweli. Niliandika pia kwamba ina ukakasi, na ukakasi huo sikuuonja. Niliuongeza kwa sababu kahawa iliyochumwa mbichi huwa nao, nami nilishaamua kwamba ni mbichi. Kwa maneno hayo mzigo wao ukaondolewa kwenye kahawa ya bei ya juu ukachanganywa na ya kawaida, na mama mmoja akatolewa kwenye kikundi. Baadaye nikajua kosa lilikuwa langu. Nikanyamaza msimu mzima.

Watu wa huku wanaonifahamu wameshasikia vipande vipande, kila mtu na chake. Bora wasikie lote, na walisikie kwangu.

Nilikuwa mwonjaji wa mnunuzi mdogo aliyekuwa akitafuta kahawa ya eneo moja, ile isiyochanganywa na ya kwingine, ambayo mnywaji wa mbali anaweza kuambiwa imetoka mlima upi na kwa wakulima gani. Manyara si mahali pa kwanza mtu anapopafikiria. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na ukitaja kahawa ya ukanda huu wengi wanawaza Karatu na Oldeani, kwenye mashamba makubwa yaliyofunguliwa enzi za walowezi. Mbulu inasifika kwa vitunguu saumu, Hanang kwa ngano. Kahawa niliyokuwa nikiifuata mimi ilikuwa ya mkulima mdogo: miti kadhaa nyuma ya nyumba, pembeni ya mahindi na maharage. Hilo ndilo lililoipa kazi yangu uzito ambao sikuuelewa. Penye magunia machache, mtu mmoja mwenye kijiko anaweza kuamua mwaka wa kijiji utakwendaje.

Kuonja nilifundishwa kwenye kozi fupi, na nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kahawa hukaangwa kidogo tu isifike kuwa nyeusi, ikalazwa usiku mmoja, kisha ikasagwa chengachenga. Unapima gramu 8.25 kwa kila mililita 150 za maji, vikombe vitano kwa kila sampuli, ili kikombe chenye punje mbovu kijitokeze chenyewe. Unanusa unga mkavu. Unamimina maji ya nyuzi 93 hivi. Unga unapanda juu na kufanya utando mzito. Baada ya dakika nne unauvunja kwa kijiko huku pua ikikaribia kugusa kikombe, maana harufu iliyojificha chini hutoka kwa wakati huo huo. Unaengua povu. Unasubiri ipoe kiasi cha kuvumilika mdomoni, kisha unaifyonza kwa kelele ambazo mezani kwa mama yako zingekupatia kofi.

Kelele hizo zina kazi. Ulimi peke yake unajua mambo machache: utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote, chungwa, ua, karanga, moshi, ni ya pua, na humfikia mtu puani kwa kupitia nyuma ya koo. Ukifyonza kwa nguvu, kahawa inatawanyika kinywa kizima na harufu yake inapanda huko. Bana pua unywe, utaona mwenyewe. Kinachobaki ni uchungu na uchachu tu.

Nyumbani nilijizoeza kwa vitu vya sokoni. Ndimu na ukwaju vyote ni vichachu, lakini uchachu wa ndimu unachoma na kupotea, wa ukwaju unakaa. Sukari guru ilinifundisha utamu wenye kina. Ndizi mbichi ilinifundisha ukakasi, ulimi unapokauka na kukunjamana. Ukutani nilibandika lile duara la ladha linalotumiwa na waonjaji duniani, lililotolewa mwaka 1995 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016. Matunda yake mengi sikuwahi kuyaona. Moja lilinishinda kabisa mpaka mtu akaniambia nikanunue Ribena. Alama zinahesabiwa katika 100, na 80 ndiyo mstari: juu yake kahawa inaitwa maalumu na ina wateja wake, chini yake inaingia kwenye mchanganyiko. Nilitembea na kijiko cha kuonjea kwenye mfuko wa shati, kionekane.

Meza yangu ilikuwa kwenye chumba cha kupanga Mbulu mjini. Sampuli sita, vikombe thelathini. Za Hanang, nilizozichukua Katesh, zilikaa kushoto kwa sababu ndizo zilizotangulia kufika. Zikafuata za Mbulu kadiri zilivyoingia, na ya mwisho kabisa kulia ilikuwa ya kikundi cha juu, upande wa Msitu wa Nou, ambako gari hupanda kwa kubembelezwa. Kila sampuli niliibandika jina la kijiji chake. Kanuni inataka sampuli zifichwe: mtu mwingine azipe namba, azichanganye, mwonjaji asijue anaonja ya nani. Mimi nilikuwa peke yangu, na niliona kanuni hiyo imewekwa kwa ajili ya watu wenye upendeleo.

Kitabu kilisema uchemshe maji, uyaache kidogo yashuke joto, ndipo umimine. Kipimajoto sikuwa nacho, nikahesabu dakika. Vikombe thelathini vya mililita 150 ni lita nne na nusu, nami nilikuwa na jiko moja la gesi, sufuria moja na birika moja la bati. Nachemsha, naipua sufuria, nasubiri kama nilivyoagizwa, najaza birika, namimina kuanzia kushoto. Birika likiisha narudi kwenye sufuria ile ile iliyoipuliwa, najaza tena, naendelea. Nikifika kulia, sufuria imekaa sakafuni muda mrefu.

Aliyewahi kupika ameshaelewa. Mimi sikuelewa.

Kahawa za Hanang zilitoka nzito na tamu, sukari guru mwanzoni na chungwa kwa mbali. Ya Nou ilitoka nyepesi, chachu, haina utamu wa kuishika. Nikaipa Hanang 83 na Nou 77. Siku chache baadaye nikarudia zoezi zima, kwa mpangilio ule ule wa meza, na majibu yakawa yale yale. Nikaona sasa nina uhakika, kwa kuwa jambo limejirudia. Kahawa iliyochumwa mbichi nayo hukosa utamu, hivyo nikaandika kwamba imechumwa mbichi, na ukakasi nikauongeza ili maelezo yakamilike.

Hapo ndipo nilipogeuka mtaalamu. Mlima Hanang ni volkano, una zaidi ya mita 3,400. Nikaanza kuwaambia watu kwamba majivu ya volkano ndiyo yanayoleta ule utamu, na kwamba mawe makongwe ya nyanda za Mbulu ndiyo yanayoleta uchachu. Hakuna aliyenipinga, maana hadithi ilikuwa nzuri kuisikia na nzuri kuiuza.

Laiti ningekumbuka habari ya SL28. Kahawa ya Kenya inasifiwa duniani kwa uchachu wake uliochangamka, na sifa hupewa udongo mwekundu wa Nyeri na Kirinyaga. Lakini SL28, mojawapo ya mbegu zinazobeba sifa hiyo, asili yake ni huku kwetu. Afisa kahawa kutoka Kenya alipita Tanganyika mwaka 1931, akaona Monduli miti iliyostahimili ukame, na kutokana na kizazi cha miti hiyo mbegu ikachaguliwa Kenya katika miaka hiyo ya 1930. Ladha tunayoiita ya mahali imepitia mikono mingi: mbegu, mwinuko, mvua, uchumaji, uchachushaji, uanikaji, ukaangaji, na mwisho kabisa maji ya yule anayeandaa kikombe. Mimi nilianza na volkano, na maji yangu sikuyahesabu kabisa.

Nikapanda Nou kuwapa majibu. Salamu zikaisha, chai ikanyweka, nikafungua daftari. Mwenyekiti alisema wanachuma nyekundu tu, na kabla ya kumenya wanazitia kwenye maji na kuziengua zinazoelea. Hiyo ndiyo njia sahihi, na ilitosha kunitia shaka. Badala yake nikamjibu, "Mzee, kikombe hakidanganyi." Kisha nikasema neno ambalo mpaka leo linaniamsha usiku. Niliwaambia kwamba kwenye vikundi vingi tatizo huwa ni mtu mmoja, na wao wenyewe ndio wanaomjua.

Hawakumjua, kwa kuwa hakuwepo. Wakakisia. Kuna mjane ambaye shamba lake liko mbali, na huchuma na watoto wake wakitoka shule, jioni, jua linapozama. Ikasemwa kwamba kwa mwanga huo mtu hawezi kutofautisha nyekundu na kijani. Mama alikataa. Alisema kwa Kiiraqw, kisha akarudia kwa Kiswahili akinitazama mimi: "Mwanangu, wewe kahawa yangu umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeona vikombe vitano vyenye jina la kijiji. Nilimjibu kwamba uamuzi ni wa kikundi. Wakamtoa.

Msimu ulipokwisha nilishuka Magara kwa basi, nikapita Mbuyu wa Mjerumani hadi Arusha, na kutoka hapo Moshi, mabaki ya sampuli zile zile yakiwa begini. Moshi ni mji ulioishi na mnada wa kahawa kwa miongo mingi, na waonjaji wake hawana mbwembwe. Waliniomba sampuli, wakazipa namba, wakazichanganya, wakaonja. Karatasi ziliposomwa, ya Nou ilikuwa na 83 na nusu. Ya Hanang, 83.

Mwonjaji mmoja mtu mzima aliniuliza ninavyoandaa meza. Nikamweleza, na nilipofika kwenye kusubiri maji yashuke nilisema kwa kujiamini, kwa kuwa ndivyo kitabu kinavyosema. Akauliza Mbulu iko mita ngapi juu ya bahari. Nikamwambia zaidi ya 1,700. Akachukua kalamu, akaandika majina matatu, moja chini ya jingine: Dar es Salaam 100, Moshi 97, Mbulu 94. Hilo ndilo joto la maji yanapochemka katika kila mji. Unapopanda kiasi cha mita 300, maji yanachemka nyuzi moja chini zaidi. Mbulu maji yanapotokota yameshafika pale kitabu kinapotaka. Kila dakika niliyosubiri nilikuwa napunguza joto lililokuwa linatosha, na yaliyokuwa yakipungua zaidi ni maji ya vikombe vya kulia.

Maji yakikutana na unga wa kahawa, vitu vichachu hutangulia kutoka, tena kwa urahisi. Utamu na uzito hufuata, navyo vinahitaji joto. Maji yaliyopoa yanakupa uchachu na kukunyima mengine. Kahawa mbichi ingekuwa na ukakasi na harufu ya majani. Ya Nou haikuwa na hivyo viwili, lakini daftari langu lilisema ina ukakasi.

Nyumbani nilimsimulia mama yangu, ambaye ujana wake aliishi Magugu, chini bondeni. Hakushangaa. Alisema mwanamke yeyote aliyehama kutoka Magugu kuja Mbulu anajua kwamba maharage yale yale hula kuni zaidi huku juu. Nikaazima kipimajoto cha maabara ya sekondari. Maji yakitokota kwa nguvu kilisoma 94. Kisha nikarudia utaratibu wangu wa zamani, sufuria, kusubiri, birika, kushoto kwenda kulia. Kwenye kikombe cha mwisho kilisoma 84. Nikachemsha upya, nikaiandaa ile ya Nou kwa maji yaliyotoka motoni moja kwa moja. Sukari guru mwanzoni, chungwa kwa mbali. Ladha niliyokuwa nimeipa volkano.

Mpaka hapo ningeweza kujitetea kwamba sikujua. Kuanzia siku ile nilijua.

Nilijipa sababu. Kahawa yenyewe imeshachanganywa na kusafirishwa, hairudi. Nikisema, nani ataniamini tena kwenye meza? Na hadithi ya volkano ilishaandikwa kwenye karatasi za kuwapa wateja. Wageni walikuja, wakakaa, nikawasimulia Mlima Hanang na majivu yake. Mmoja akafyonza, akafumba macho, akasema ndiyo, anayasikia. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilichofanya ni kujirekebisha kimyakimya. Nilinunua kipimajoto. Nikaanza kumimina maji kutoka motoni bila kusubiri, sampuli moja baada ya nyingine, kila moja na maji yake. Mdogo wangu akawa anaandika namba chini ya vikombe na kuvichanganya mimi nikiwa nje. Kwenye kila meza alikuwa akiweka kahawa moja mara mbili bila kuniambia ni ipi. Nikiipa alama zinazopishana sana, karatasi yote inachanwa, kwa sababu siku hiyo mimi si wa kuaminiwa. Imeshachanwa zaidi ya nilivyotarajia.

Msimu uliofuata kahawa ya Nou ilivuka mstari kwa raha. Nilidhani mambo yamejisawazisha. Nilipopanda kuwapa habari njema walipiga makofi, na mwenyekiti akasimama kunishukuru kwa kuwafungua macho. Akasema tangu walipomtoa yule mama, kahawa imepona.

Kumbe ukimya wangu ulikuwa umemtengenezea ushahidi. Mwaka wa kwanza alikuwa mtu anayeshukiwa. Mwaka wa pili, kwa kipimajoto changu na mdomo wangu uliofungwa, ikaonekana imethibitika. Nilikaa nikanywa chai yao. Siku ile sikusema.

Nilirudi wiki iliyofuata nikasema, mkutano ukiwa umejaa. Nilibeba birika, kipimajoto na sampuli, nikaandaa kahawa yao mara mbili mbele yao, kwa maji ya moto na kwa maji yaliyopoa, nikawapa wote waonje. Hapakuhitajika duara la ladha. Bibi mmoja asiyekunywa kahawa alionja, akaonyesha kikombe kibaya kwa kidole bila kuuliza. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: tofauti ya bei ya msimu ule analipa nani? Tajiri wangu alikuwa ameshaniambia kwamba hesabu zimefungwa. Nililipa nilichokuwa nacho, na hakikukaribia. Wengine walikipokea, wengine walikataa kukigusa, na wote nawaelewa.

Siku hizi nikiandika ripoti naandika nilichoonja, basi. Nikikuta uchachu naandika uchachu. Umetoka wapi, kwa nani, kwa uzembe gani, hayo hayamo kwenye kikombe. Ukitaka kuyajua utakwenda shambani wakati wa kuchuma, utaangalia ndoo, utanusa tangi la kuchachushia, utashika kahawa inayoanikwa. Na kabla ya kwenda huko, utapima maji yako.

Mkutano uliamua yule mama arudishwe. Hakuwepo. Nikamfuata nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Aliendelea kupalilia.

Nilimweleza yote, pamoja na siku ile niliyopigiwa makofi. Aliuliza kama nimeyasema mbele ya wenzake. Nikamwambia ndiyo, mbele ya wote.

"Hapo umefanya vizuri," alisema. "Lakini kwenye kahawa mimi sirudi. Kitunguu saumu wanapima kilo, wanalipa, wanaondoka. Hakuna anayekitafuna halafu akaja kuniambia mimi ni mtu wa namna gani."

Ndipo nilipoangalia alichokuwa akipalilia. Shamba zima lilikuwa vitunguu saumu, na pembezoni visiki vya kahawa vilivyokatwa karibu na ardhi. Miti ile aliipanda mkwewe. Mche mpya wa kahawa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kumpa mtu mavuno ya maana. Sikumwomba apande.